Mota ya Bibi Kunegunda

Bibi Kunegunda wa Matogoro hakuwa na habari kwamba Urbani aliugua. Angekuwa nayo, asingeipakia mota ya mashine yake ya kusaga kwenye bajaji asubuhi ile na kuja nayo hadi Msamala, ameikumbatia njia nzima isije ikadondoka kwenye makorongo. Alichojua yeye ni kwamba miaka ile mota ilipoungua kwa mara ya kwanza, Urbani ndiye aliyeisuka upya, na ikasaga tangu hapo bila kumsumbua. Sasa imeungua tena, tena mwezi wa sita, mahindi yanaingia kutoka mashambani, foleni ya ndoo imefika barabarani. Kwa nani tena kama si kwa Urbani?

Urbani alikuwa ameketi kibarazani anaota jua, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni kwa ajili ya baridi. Alimwona bibi akishuka, akamwona akichangamka kumsalimia, kisha akamwona akiutazama ule mkono wa kulia uliolala mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akasogea karibu. "Kumbe ulipatwa. Sikuambiwa na mtu."

"Kiharusi. Mwaka wa pili huu." Maneno ya Urbani yalikuwa yakitoka polepole tangu augue, lakini yalitoka yote. "Hiyo ndiyo ile mota yangu?"

"Ndiyo hiyo. Lakini basi, mwanangu, usijisumbue. Nitauliza mjini, mafundi wapo." Akamgeukia mwenye bajaji. "Kijana, usiishushe."

Hapo ndipo Urbani alipotamka neno ambalo hata yeye mwenyewe hakujua limetoka wapi.

"Ishushe," alisema. "Iweke hapa karibu na mlango."

Mkewe, Renatha, alikuwa upande wa pili wa kibaraza, kwenye cherehani, akishona sare za shule. Aliacha kukanyaga pedali. Alingoja mpaka bibi akaondoka na bajaji ikapotea nyuma ya mti wa kona. Ndipo akaja kusimama mbele ya mumewe, mkasi bado mkononi.

"Baba Pamela, utaisuka kwa mkono gani?"

Urbani aliitazama mota.

"Nakuuliza wewe. Mama wa watu anategemea mashine hiyo, na msimu wenyewe ndio huu. Utaisuka kwa mkono gani?"

"Kwa huu uliobaki."

Renatha akarudi kwenye cherehani yake akishona kwa kasi ya hasira, na siku hiyo hawakuongea tena mpaka chakula.

Kazi ya kusuka mota si kazi ya mkono mmoja. Kila fundi analijua hilo, na Urbani alilijua kuliko wengi. Waya wa shaba unazungushwa kwenye kibao cha mbao mpaka utoke umekuwa koili, kitanzi kinene kama shada. Mkono wa kulia unazungusha mpini wa kibao, wa kushoto unauongoza waya ulale vizuri, uzi kando ya uzi, usipandane wala kulegea. Ukitoka hapo, koili zinapachikwa moja moja ndani ya tumbo la mota. Urbani alikuwa akizungusha mpini ule tangu ujana wake. Alipougua, walifunga chumba cha kazi, wakaziba dirisha kwa kipande cha bati, na Renatha akawa ndiye anayeilisha nyumba kwa cherehani. Watu waliacha kumwita fundi. Waliomheshimu walimwita mzee, na yeye alikuwa hajafika hata miaka sitini.

Kesho yake alichukua fimbo akatoka. Renatha alidhani anakwenda kukaa na wazee wenzake, kumbe amekwenda kwa Azizi.

Azizi alikuwa mchomeleaji, karakana yake iko chini ya mteremko, amezungukwa na mageti na mifupa ya magari mabovu. Zamani hawakuachana kwa siku mbili. Tangu Urbani augue, Azizi alikuja mara moja hospitalini, akasimama miguuni pa kitanda, akatoka. Sasa alipomwona rafiki yake anateremka taratibu huku mguu mmoja ukiburuta vumbi, aliivua miwani ya kuchomelea, akaivaa tena, akaivua.

"Wallahi, kaka Urbani, kila Ijumaa nilikuwa nasema leo nakuja."

"Sikuja kukudai salamu," Urbani alisema. "Lile lori bovu lako, mota ya waipa bado ipo?"

"Mota ya waipa?"

"Inayozungusha zile fimbo za kufutia mvua. Ipo au umeuza?"

Ilikuwepo. Azizi aliingia mwenyewe chini ya dashibodi akaifungua, na alipoiunganisha kwenye betri, ilizunguka polepole na kwa nguvu, kama punda anayepanda mlima. Urbani alicheka. Azizi hakuwa amesikia kicheko hicho kwa muda mrefu, akacheka naye bila kujua wanachekea nini.

"Hii itazungusha kibao," Urbani alimweleza. "Mguu wa kushoto utakanyaga swichi. Mkono wa kushoto utaongoza waya. Ninachotaka ni kuiunganisha na fimbo ya nyuzi, ile kama bolti ndefu isiyo na kichwa, ili kibao nikibane kwa nati huku na huku."

"Hiyo tu? Lete, nachomelea sasa hivi."

Na kweli, aliichomelea. Fimbo ilikuwa nene kama kidole gumba, na shafti ya mota, ule mhimili wake unaozunguka, nyembamba kuliko kalamu. Azizi aliziweka kichwa kwa kichwa, akafunga jicho moja kupima unyoofu, akashusha moto. Zilipopoa, zilishikana kiasi kwamba ungeweza kumtundika ng'ombe. Lakini walipowasha, ncha ya pili ya fimbo ilikuwa inachora duara hewani kubwa kama sahani.

"Imepinda," alisema Urbani.

"Imepinda kidogo."

"Azizi, waya utaruka, utapandana, utachubuka ngozi. Waya uliochubuka ni mota iliyoungua."

Azizi alijikuna ndevu, akachukua grainda, akaikata kazi yake mwenyewe bila kinyongo. Moto wa kuchomelea, alikiri, huvuta chuma upande unaopoa mwanzo. Na sasa shafti ya mota ilikuwa imebaki kisiki kifupi chenye nyuzi chache tu mwishoni.

Wakaenda kwa Mathias, mwenye lezi, mashine ya kuchongea chuma, kule mjini. Safari hii Azizi alimpakia rafiki yake kwenye pikipiki, akamfunga kwake kwa mkanda wa suruali ili asidondoke, na watu njiani wakageuka kuwatazama. Mathias aliwachongea kipande cha chuma cha mviringo, tundu dogo upande mmoja, tundu kubwa upande wa pili, na skrubu za kubania ubavuni. Kilikuwa kitu kizuri sana. Urbani alikigeuza geuza njia nzima ya kurudi kwa vidole vyake vya kushoto.

Azizi alimfungulia dirisha la chumba cha kazi, bati likatoka na misumari yake. Walifunga mota ya waipa kwenye ubao mzito wa mninga. Fimbo ya nyuzi wakaipitisha kwenye beringi mbili zilizosimamishwa kwa vipande vya chuma, ili safari hii isiyumbe. Wakaunganisha kwa kile kipande cha Mathias, wakakaza skrubu, Urbani akakanyaga swichi.

Mota iliguna. Ikazunguka nusu, ikakwama, ikaguna tena, ikaanza kutoa harufu.

"Toa waya! Toa waya!" alipiga kelele Urbani, na Azizi akang'oa nyaya kwenye betri kwa mikono mitupu.

Walilegeza skrubu, mota ikazunguka vizuri peke yake. Fimbo nayo, ukiizungusha kwa mkono, ilizunguka vizuri peke yake. Ukiziunga tu, zinakamatana. Waliinua mota kwa kipande cha kadibodi chini yake, wakaishusha, wakaisogeza kulia, wakaisogeza kushoto. Mota ilikuwa juu kuliko fimbo kwa unene wa ukucha, au chini, au pembeni, na chuma hakikukubali hata huo ukucha. Jua lilipoelekea kuzama Azizi aliondoka, maana kesho yake alikuwa na safari ya Namtumbo kwenye ndoa ya mpwa wake na asingerudi kabla ya Jumatatu. Alisema inshallah watapata dawa. Hakusema kwa sauti ya mtu anayeamini.

Urbani hakula vizuri jioni hiyo. Renatha aliifunika sahani akaiweka kando.

Asubuhi Renatha alimkuta ametoka mapema, amekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Renatha alikuwa anakwenda kumwagilia bustani yake ya mboga. Mpira wake wa maji ulikuwa mwembamba kuliko bomba, kwa hiyo kila mara aliloweka ncha yake kwenye kopo la maji ya moto mpaka ilainike, kisha akaisukuma kwenye bomba huku akiizungusha, akiuma meno. Alifanya hivyo kila siku ya kiangazi, na kila siku Urbani alikuwa akimwona.

Lakini siku hiyo hakuwa akitazama bomba. Alikuwa akitazama ncha nyingine, ile iliyolala kwenye tuta la mboga za chainizi. Renatha alipozungusha huku, ncha ile nayo ilijigeuza kule. Mpira ulikuwa umekunjwa katikati kama nyoka, lakini kila alipouzungusha mwanzo, mwisho wake ulizunguka.

"Zungusha tena," Urbani alisema.

"Nini?"

"Huo mpira. Zungusha tena, taratibu."

Renatha alimwangalia kama mtu anayeangalia homa imepanda kiasi gani. Akazungusha. Kule kwenye chainizi, ncha ikageuka ikatema tope.

Urbani alisimama bila fimbo yake ya kutembelea, jambo ambalo daktari alimkataza, akaenda chumba cha kazi akiegemea ukuta.

Mpira wa bustani ungekuwa laini mno, ungejisokota kama kitambaa cha kupangusia. Lakini ndani ya sanduku lake la makorokoro kulikuwa na kipande cha hosi ya dizeli, mpira wa kupitishia mafuta, ile ngumu yenye uzi uliofumwa katikati ya ukuta wake. Alikata kipande kifupi kama kidole cha kati. Upande wa fimbo, mpira ungepanda juu ya nyuzi kwa shida, na hilo lilikuwa jema, maana nyuzi zenyewe zingeung'ata. Upande wa shafti ya mota, ambayo ilikuwa nyembamba, alizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli mpaka ikanenepa. Halafu klipu mbili za kukaza kwa bisibisi, moja huku, moja kule. Chuma kisingegusana na chuma. Mota ikiwa juu kwa unene wa ukucha, mpira ungejikunja ukaendelea kuzunguka.

Namna vitakavyoungana aliiona kichwani wazi kabisa. Kuviunga ndiko kulikomshinda.

Kushika mota kwa mkono, kusukuma mpira kwa mkono, kushika klipu isiteleze kwa mkono, kukaza bisibisi kwa mkono. Alibana mota kwa magoti. Alibana mpira kwa meno. Klipu iliruka ikaviringika chini ya meza, akapiga magoti kuitafuta, na alipoipata alishindwa kuinuka, ikabidi akae sakafuni mpaka mguu upate nguvu.

Renatha alikuwa mlangoni.

"Nikusaidie?"

"Acha."

Akaondoka. Urbani alijaribu tena. Bisibisi iliteleza ikamchubua kwenye kiganja cha ule mkono uliokufa, na hakuhisi kitu, aliona tu damu. Aliitazama damu hiyo kitambo. Kwa muda wote wa ugonjwa Renatha alikuwa amemwogesha, amemvalisha, amemkatia nyama kwenye sahani, na yeye aliyapokea yote kwa sababu mgonjwa hana ujanja. Lakini chumba hiki hakijawahi kuwa cha mgonjwa. Humu ndani alikuwa fundi. Alikuwa ameapa moyoni kwamba humu hatashikiwa kitu.

Nje cherehani ilikuwa inalia, ikinyamaza, ikilia tena. Mota ya Bibi Kunegunda ilikuwa palepale mlangoni, imejaa vumbi la siku zote hizo.

"Mama Pamela!" aliita. Cherehani ikanyamaza. "Njoo unishikie hapa."

Renatha alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge. Aliiona damu, akaipangusa, kisha akainama mezani.

"Nishike wapi?"

"Hapo. Mota na fimbo zitazamane. Zisigusane."

Renatha aliusukuma mpira kwenye nyuzi, ukagoma. Akautoa. "Ngoja," alisema, akatoka, akarudi na kopo lake la maji ya moto. Akaloweka mpira, akahesabu kimoyomoyo kama afanyavyo bustanini, akausukuma kwa kuuzungusha, ukapanda. Urbani alikaza klipu ya kwanza kwa mkono wake wa kushoto huku vidole vya mkewe vikiishika isikimbie. Wakahamia ya pili. Vichwa vyao vilikuwa vimekaribiana hata Urbani akasikia harufu ya mafuta ya cherehani kwenye nywele za mkewe.

"Kanyaga," Renatha alisema.

Alikanyaga. Mpira ulitikisika kidogo katikati, kama kiuno cha mtu anayeanza kucheza ngoma. Na fimbo ikazunguka ndani ya beringi zake, imenyooka, polepole, bila kuguna.

Renatha alipiga kigelegele kimoja kifupi, akaziba mdomo kwa aibu.

Isidhaniwe kwamba shida ziliisha hapo. Walipofunga kibao cha kusukia kwa mara ya kwanza, fimbo ilizunguka upande ule ule wa kufungua nati, nati ikajifungua yenyewe, na kibao kikachomoka kikapita dirishani kikawatawanya kuku wa jirani. Ikabidi waweke nati mbili mbili, zikabanana zenyewe kwa zenyewe. Azizi aliporudi kutoka Namtumbo akakuta mashine inazunguka, aliizunguka mara mbili, akaugusa ule mpira, akasema, "Alhamdulillahi. Na mimi na moto wangu wote ule." Akakaa kuwatengenezea kikanyagio kizuri cha swichi, na tangu siku hiyo hakupitisha siku nyingi bila kuja kuulizia jambo.

Ilibaki kuhesabu. Mizunguko ya kila koili lazima ilingane, na Urbani, akiwa na macho kwenye waya na mguu kwenye swichi, alishindwa kuhesabu pia. Tangu augue, tarakimu zilimponyoka. Renatha alihesabu kwa sauti, lakini kila mpita njia alipoita hodi au akasalimia, naye akaitikia kama mtu mwenye adabu, hesabu ilikwenda na upepo.

Wakiwa katika hali hiyo ndipo Bibi Kunegunda alipokuja tena. Hakuja na maneno mengi. Wanawake wa Matogoro, alisema, wanabeba mahindi kichwani hadi Ruhuwiko. Amesubiri kwa heshima ya Urbani, lakini sasa amekuja kuichukua mota yake, wasimwelewe vibaya.

"Una haki, bibi," alisema Urbani. "Lakini kabla ya kuichukua, ingia uone."

Bibi aliingia, akakalishwa kwenye kiti. Urbani akakanyaga, kibao kikazunguka, waya mwekundu ukawa unalala uzi kando ya uzi chini ya vidole vyake vya kushoto. Mtu mmoja akasalimia nje, Renatha akaitikia, akapoteza hesabu.

"Ilikuwa ngapi?" aliuliza Urbani.

"Ishirini na... nimesahau, jamani."

"Mnahesabu mpaka ngapi?" aliuliza bibi.

"Arobaini kila koili."

Bibi Kunegunda aliingiza mkono kifuani, akatoa rozari yake ya mbao iliyosuguliwa ikang'aa. "Makumi manne basi. Anza upya." Urbani akasita, naye bibi akamkodolea macho. "Nini? Mama Maria alikuwa mtu wa kazi za nyumbani kama sisi. Hawezi kunikasirikia. Kanyaga, mwanangu, tuache kupoteza mchana."

Basi wakasuka hivyo, kila mzunguko punje moja, bibi akinong'ona midomo ikienda, na haikujulikana kama anahesabu au anasali. Hakukosea hata koili moja. Ikawa siku tatu mfululizo anakuja asubuhi na bajaji na chupa ya togwa, anaondoka jioni, na habari ya kuichukua mota haikutajwa tena.

Kupachika koili ndani ya mota kuliangukia mikononi mwa Renatha. Urbani aliketi kando yake akimwelekeza: sukuma kwa kijiti cha mwanzi, usitumie chuma, tanguliza karatasi, usiukunje waya kwenye kona. Mwanzoni alimwelekeza vibaya kwa sababu alikuwa hajawahi kulisema kwa maneno jambo lililokaa kwenye vidole, na Renatha naye alikasirika, akasema hakuna mtu anayeweza kufanya kazi akizomewa hivyo sikioni. Walinuna. Wakaanza tena. Alipomaliza na kuunga nyaya zote, Urbani alipima kwa taa ya kupimia, na taa ikawaka pale isipotakiwa. Umeme ulikuwa unavuja kwenye chuma.

Renatha alikaa chini akalia. Alisema amemharibia.

"Hapana," alisema Urbani. "Ngoja kwanza." Alitafuta taratibu, koili kwa koili, mpaka akaipata, ile ya karibu na mlango wa nyaya, karatasi ilikuwa imekunjamana. "Ni moja tu. Mota yangu ya kwanza kabisa nilirudia tatu, na mwalimu wangu alinitupia nyundo. Mimi sina hata mkono wa kukutupia."

Renatha alicheka katikati ya machozi, akapangusa pua, akaitoa koili ile. Ikasukwa nyingine, ikapachikwa, taa haikuwaka. Wakapaka vanishi, wakaiacha ikauke juani.

Siku ya kuifunga walikwenda wote Matogoro kwa gari la mizigo alilolipata Azizi, Urbani mbele na dereva, wengine nyuma na mota. Wanawake walikuwa wamekwishajaa uani na ndoo zao, maana bibi alikuwa amewatangazia tangu kanisani. Azizi alifunga bolti na mkanda. Bibi Kunegunda alifanya ishara ya msalaba. Urbani mwenyewe akapandisha swichi kubwa ya ukutani kwa mkono wa kushoto.

Mota ilianza kwa mngurumo mzito, ikapanda, ikatulia kwenye sauti moja. Bibi akamwaga debe la kwanza, na baada ya kitambo unga ukaanza kushuka kwenye mfuko, mweupe, wa moto, vumbi lake likawapanda kwenye nyusi.

Urbani hakuwaruhusu kushangilia. Aliomba kiti, akaketi ubavuni mwa mota, kiganja kimelala juu ya mgongo wake kama mtu anayempima mtoto homa, na akakaa hivyo debe baada ya debe. Ilipata joto, lakini joto la kazi, si la ugonjwa. Mwishowe aliuondoa mkono, akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo vigelegele vilipopasuka uani.

Mama mmoja, akisubiri zamu yake, alimuuliza Renatha, "Umemsindikiza mzee?"

"Nimeisindikiza mota yangu," Renatha alijibu, akaipisha ndoo ya yule mama ipite.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na pampu ya maji ya mtu wa Ruhuwiko mlangoni, na ya pili yake ikiwa njiani, kwa maneno ya Azizi. Urbani aliamka mapema, akajivalisha shati mwenyewe, vifungo vikachukua muda wake, akaenda chumba cha kazi. Alimkuta Renatha tayari amekaa kwenye stuli ya mashine, amefunga kibao kidogo, amevuta waya kutoka kwenye bobini, mguu uko juu ya swichi.

"Hapo nakaa mimi," Urbani alisema.

"Leo nakaa mimi. Nipachike tu koili ulizosuka wewe mpaka lini? Nataka kuuongoza waya mwenyewe."

"Hujui kuuongoza."

"Ndiyo maana nimekuwekea kiti hapo."

Alikitazama kiti. Kilikuwa upande wa kushoto wa mashine, kimewekewa mto wa kitenge alioushona Renatha mwenyewe, karibu kiasi kwamba mtu aliyekaa hapo angeweza kuufikia waya kwa mkono wake mzima. Akakaa. Renatha akakanyaga, mpira ukatikisika, kibao kikaanza kuzunguka.

"Taratibu," alisema Urbani. "Usiuvute. Uache uje wenyewe."

"Unaongea sana, fundi," alisema Renatha, macho yake yasibanduke kwenye waya.